Kabla hujainyanyua pikapu, chagua tairi kwanza

Wengi wanaoniletea pikapu huanza na inchi. "Fundi, nataka inchi nne." Nikiuliza za nini, naoneshwa picha kwenye simu. Sina ugomvi na picha, gari lililosimama vizuri lina raha yake. Lakini anayelala chini ya hilo gari ni mimi, na ukiwa huko chini mpangilio unakuwa mwingine kabisa: kwanza mzigo, halafu tairi, halafu rimu. Urefu wa kunyanyua unakuja mwisho, na unaotakiwa ni ule mdogo kabisa unaoliwezesha tairi ulilochagua kuzunguka bila kugusa kitu. Ukianzia kwenye inchi, nusu ya pesa yako itaishia kununua vifaa vya kurekebisha vifaa ulivyokwisha kununua.

Gari linabeba nini siku ya kawaida

Chukua karatasi uandike kila kitu kinachokaa kwenye gari muda wote: bampa la chuma, winchi, kanopi, sanduku la zana, tangi la ziada la mafuta. Bampa la chuma na winchi yake vinaweza kukaribia kilo 100, na uzito huo wote unakaa mbele ya ekseli ya mbele. Usiandike ule mzigo unaobeba mara moja kwa mwaka ndugu akihama nyumba. Andika ule wa Jumanne ya kawaida.

Hesabu hiyo ndiyo inayochagua springi. Springi za nyuma za mabamba huuzwa kwa madaraja ya uzito unaokaa juu yake daima: kuna za gari tupu, kuna za kilo 300, kuna za kilo 500. Mtu anayeendesha pikapu tupu akanunua za kilo 500 kwa sababu "ni imara zaidi" atapata gari refu kweli, lakini nyuma itamrusha kwenye kila tuta, na kwenye kona yenye vituta vidogo vidogo vinavyofuatana ekseli itakuwa inarukaruka pembeni. Kinyume chake ni kibaya vilevile: springi laini chini ya mzigo wa kudumu hukaa, na ule urefu ulioulipia unapotea ndani ya miezi michache.

Jambo moja nalisema kila mara na halipendwi: kunyanyua gari hakuongezi kilo lilizoruhusiwa kubeba. Kibati cha mtengenezaji kwenye fremu ya mlango kinabaki vilevile. Kila kilo ya bampa inatoka kwenye kilo za mzigo wako.

Kusoma tairi na kupiga hesabu

Tuchukue 265/65R17, saizi inayokuja na Hilux na Ranger nyingi. Hiyo 265 ni upana kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu wa tairi kikiwa asilimia ya upana, kwa hiyo 265 mara 0.65 ni mm 172. 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, yaani mm 432. Tairi lina ubavu juu na chini, basi jumlisha 432 na 172 mara mbili: kama mm 776, au inchi 30.6.

Sasa weka saizi mbili ambazo watu huzitamani karibu na hiyo. 265/70R17 inatoka mm 803, karibu inchi 31.6. 285/70R17 inatoka mm 831, inchi 32.7, na ndiyo wanayoiita "thelathini na tatu".

Kutoka 776 hadi 831 ni ongezeko la mm 55, lakini nusu yake iko juu ya ekseli na nusu chini. Unachopata kati ya difu (lile bonge la gia katikati ya ekseli) na ardhi ni kama mm 27. Basi. Na hapa ndipo wengi hushangaa: difu la nyuma halinyanyuliwi na springi yoyote. Springi ndefu inanyanyua chasisi na bodi, ekseli inabaki pale pale juu ya ardhi. Kama shida yako ni difu kugonga mawe katikati ya njia, kinachokusaidia ni tairi pekee. Springi inakusaidia kama kinachogonga ni tumbo, ngazi za pembeni au bampa.

Asilimia nazo zina kazi. 831 gawanya kwa 776 ni 1.07, maana yake tairi jipya linaenda mbali zaidi kwa asilimia 7 kila linapozunguka mara moja. Spidomita ikisoma 100, wewe uko karibu 107, isipokuwa ile ziada ndogo ambayo watengenezaji wengi huiacha makusudi ili spidomita isome juu kidogo. Kilomita nazo zinahesabiwa pungufu: ikiandika 10,000 umeshatembea 10,700, kwa hiyo oili inachelewa kubadilishwa. Ulaji wa mafuta utaonekana mbaya kuliko ulivyo kweli kwa sababu hiyo hiyo. Utakuwa mbaya kweli, lakini usiuongezee chumvi kwa hesabu ya uongo.

Asilimia hizo 7 zinakula pia nguvu ya gia. Gari la gia za kawaida litakulazimisha kushuka gia kwenye mlima uliokuwa ukiupanda bila kufikiri. La otomatiki litabaki linapanda na kushuka gia lenyewe bila kutulia. Dawa yake kamili ni kubadili meno ya difu. Uwiano wake ni mara ngapi propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu, inazunguka gurudumu likizunguka mara moja. Hesabu ni hii: uwiano wa zamani mara kipenyo kipya, gawanya kwa kipenyo cha zamani. Mwenye 3.73 anayetoka inchi 30.6 kwenda 33 anapata 4.02, kwa hiyo atatafuta 4.10. Kama gari ni la kuvuta magurudumu yote, difu la mbele na la nyuma lazima yabadilishwe pamoja kwa uwiano ule ule. Ni kazi ya gharama, na ndiyo sababu yangu kubwa ya kumshawishi mtu aishie kwenye 265/70R17. Hiyo inaongeza asilimia 3 na nusu hivi, injini hailalamiki, na kwenye pikapu nyingi inaingia bila kukata kitu.

Usisahau uzito. Tairi la 285 lenye ubavu mgumu linaweza kuzidi la awali kwa kilo saba au nane, kila moja. Uzito huo haukai juu ya springi. Unazunguka, na breki zako ni zile zile zilizokuwa zikisimamisha tairi dogo.

Herufi nyingine ubavuni

Baada ya saizi kuna namba na herufi, mfano 121/118S. 121 ni uzito ambao tairi moja linaweza kubeba, kilo 1,450. 118 ni kwa magurudumu ya kupachika mawili mawili, kilo 1,320. S ni mwendo wa juu, kilomita 180 kwa saa. Q ni 160, R ni 170. Usinunue tairi lenye namba ya uzito iliyo chini ya lile lililokuja na gari, hata kama linaonekana la kutisha. Tairi lenye meno makubwa na namba ndogo ni la kupigia picha.

Ukiona herufi LT mbele ya saizi, ujue ni tairi lililotengenezwa kwa magari ya mizigo, ubavu mnene. Zuri kwa mawe na miiba. Ila tairi la aina hiyo linahitaji upepo mwingi zaidi kubeba uzito ule ule, kwa hiyo namba ya upepo iliyobandikwa mlangoni haitoshi tena. Baada ya kufunga, napiga mstari wa chaki kukata uso wa tairi kutoka ukingo hadi ukingo, naendesha mita chache kwenye lami iliyonyooka, nashuka kutazama. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika kingoni na kubaki katikati, upepo ni mdogo. Fanya hivyo gari likiwa na mzigo wake wa kawaida, na usishuke chini ya kile jedwali la mtengenezaji wa tairi linachotaka kwa uzito huo.

Meno: kama zaidi ya nusu ya safari zako ni lami, chukua tairi la matumizi mchanganyiko, lile la A/T. La matope, M/T, ni la mtu anayeishi kwenye matope. Linavuma kama genge la nyuki ukifika 80, linaisha haraka kwenye lami, na kwenye lami iliyolowa linachelewa kushika. Sibishani na mwenye shamba la tope. Nabishana na anayeenda ofisini.

Tazama pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la miaka mingi stoo si jipya, hata kama lina vinyweleo vyake vyote.

Rimu, na pale tairi linapogusa

Watu husema "nimevalisha tairi kubwa ikagusa", lakini mara nyingi kilichogusa ni rimu mpya. Kila rimu ina namba ya ET, umbali wa milimita kati ya mstari wa katikati ya upana wake na pale inapokaa kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Ukitoka ET30 kwenda ET0, gurudumu zima linatoka nje kwa mm 30. Linapendeza. Lakini sasa ukikata kona, tairi linazunguka kwa duara kubwa zaidi, na sehemu yake ya nyuma inakwenda kuchubua ile kona ya chasisi inapofungiwa bodi, nyuma ya tairi la mbele. Beringi za habu nazo zinabebeshwa mzigo kwa mkono mrefu kuliko zilivyokusudiwa, na usukani unaanza kuvutwa na kila shimo. Rimu ya awali mara nyingi inafaa: 285/70R17 inataka rimu ya upana usiopungua inchi 7.5, na pikapu nyingi za inchi 17 tayari zinayo. Ukitaka kutoka nje kidogo, mm 10 mpaka 20 inatosha.

Kabla ya kulipia matairi manne, omba ufunge mawili ya mbele kwa kujaribu. Kata usukani mpaka mwisho kushoto, kisha kulia, ukienda mbele na ukirudi nyuma, maana ukirudi nyuma gurudumu husogea kidogo na kugusa mahali pengine. Halafu panda na gurudumu moja juu ya kitu imara ili springi ijikunje, ukate tena. Pitisha mkono kati ya tairi na bodi. Kidole kimoja kikipita kwa shida, barabarani litagusa. Nataka vidole viwili.

Na hapa kuna jambo ambalo wauzaji wa seti za kunyanyulia hawalitaji. Springi ikijikunja mpaka mwisho, tairi linafika mahali pale pale ndani ya fenda, uwe umenyanyua gari au hujanyanyua. Seti ya saspensheni inakupa nafasi gari likiwa limesimama. Ukidondokea shimoni kwa kasi, nafasi hiyo haipo. Kwa hiyo tairi kubwa mno litagusa tu, na dawa ni kukata plastiki ya ndani ya fenda, kusogeza bampa, au kurefusha kile kipira kinachozuia saspensheni isijikunje mpaka mwisho. Au kushuka saizi.

Sasa tuzungumzie kunyanyua

Kipimo kwanza. Simamisha gari mahali tambarare, halina mzigo, na upime kwa futi ya utepe kutoka katikati ya habu kwenda juu wima mpaka ukingo wa fenda, pembe zote nne, uandike. Usipime kutoka chini, kwa sababu tairi na upepo vitakudanganya. Utaona nyuma iko juu kuliko mbele. Imefanywa hivyo makusudi ili gari likibeba liwe sawa. Anayenyanyua mbele peke yake ili gari tupu lionekane limelala sawa, akipakia mzigo pua itatazama mawinguni na taa zitawapofusha wanaokuja.

Njia rahisi ni spesa, kipande cha kujaza nafasi, juu ya koili (springi ya kujiviringisha) na shokapu za mbele. Soma maelezo yake vizuri: kwa sababu shokapu inakaa katikati ya mkono wa chini (chuma kinachoshikilia gurudumu kwenye chasisi) na si mwisho wake, spesa ya mm 25 inaweza kunyanyua gari karibu mm 50. Spesa ya juu ya shokapu haibadilishi springi yako, kwa hiyo gari linabaki laini kama zamani, lakini gurudumu likining'inia linashuka zaidi ya lilivyopangiwa, na jointi za CV (viungo vya shafti inayozungusha gurudumu la mbele) pamoja na bolijointi ya juu (kiungo cha duara kwenye mkono wa juu) zinavutwa mpaka mwisho wake. Kwa mm 25 mpaka 30 ya urefu halisi sina neno. Zaidi ya hapo nunua koili na shokapu zilizotengenezwa kwa urefu huo.

Pikapu za zamani zenye nondo ndefu za kujisokota badala ya koili zinanyanyuliwa kwa kukaza bolti tu, bure kabisa, na ndiyo maana nyingi zimeharibiwa. Nondo haiwi ngumu zaidi. Unachofanya ni kusukuma mikono ishuke mpaka ikaribie kizuizi cha chini, na kila gurudumu linaposhuka kwenye shimo unasikia "ta!" kutoka mbele. Ukisikia mlio huo, legeza.

Nyuma, pendekezo langu ni seti nzima ya mabamba mapya kulingana na ile karatasi ya mzigo. Shakeli ndefu, kile kiungo kinachoshika mwisho wa springi kwenye chasisi, inatoa nusu tu ya urefu wake: iongeze mm 50, gari linapanda kama 25, na ekseli inageuka kidogo na kuharibu pembe ya propela. Bloku ya chuma kati ya ekseli na springi inakubalika nyuma ikiwa moja, fupi, ya chuma kizima. Usipange mbili juu ya nyingine. Na usiweke bloku kwenye ekseli ya mbele kamwe. Breki zikishikwa kwa nguvu inaweza kuchomoka, na hapo huna usukani.

Kunyanyua bodi juu ya chasisi kwa vipande vya plastiki ngumu ni habari nyingine. Ni njia inayolipatia tairi nafasi ya kweli hata springi ikijikunja, kwa sababu fenda inaachana na chasisi. Lakini kila kinachounganisha bodi na chasisi kinavutika: shafti ya usukani, bomba la kujazia mafuta, mpini wa gia, kava la feni ya rejeta. Mm 25 nitakufungia. Zaidi ya hapo tafuta fundi mwingine.

Kiasi gani basi? Kwa pikapu yenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea, mm 40 mpaka 50 ndio mpaka wangu wa kawaida. Ukipita hapo, pembe ya kasta, ile inayofanya usukani urudi katikati wenyewe ukitoka kwenye kona, inapungua kiasi kwamba mashine ya alainimenti (kunyoosha pembe za magurudumu) haiwezi kuirudisha, na unahitaji mikono mipya ya juu. Mipira ya jointi za CV inaanza kusagana mikunjo yake na kupasuka, kwa hiyo unahitaji kushusha difu la mbele. Propela ya vipande viwili inaanza kutetemeka ukiondoka, kwa hiyo unashusha beringi yake ya katikati. Hayo yote yanawezekana. Ila yajumlishe kwenye bei kabla, si baada.

Vinavyosahaulika

Cha kwanza ni breki ya nyuma. Pikapu nyingi zina kijiti cha chuma kinachotoka kwenye ekseli ya nyuma kwenda kwenye vali ndogo iliyofungwa kwenye chasisi. Ukipakia mzigo, chasisi inashuka, kijiti kinasukuma vali, na breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Ukinyanyua nyuma bila kugusa kijiti, vali inaamini gari liko tupu siku zote. Umebeba tani moja, unakanyaga, na za mbele ndizo zinazofanya kazi karibu yote. Lala chini ulitazame gari lako. Ukikiona, sharti kiwekewe kipande cha kukisogeza kwa kimo kile kile ulichonyanyua. Magari mapya mengi hugawa nguvu hiyo kwa kompyuta na hayana kijiti, kwa hiyo usimruhusu mtu akuuzie kipande usichohitaji.

Kisha mipira ya breki na nyaya za ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasigande breki zikishikwa): ning'iniza gurudumu mpaka mwisho na uhakikishe hakuna uliokazika kama kamba. Bomba la kupumulia la difu vilevile. Taa zirekebishwe zishuke. Tairi la akiba lazima liwe saizi ile ile ya mapya, kwa sababu ukifunga dogo upande mmoja kwenye gari la kuvuta yote unaweza kuvunja difu au gia boksi. Jaribu kama linaingia chini ya kitanda cha nyuma pale la zamani lilipokaa. Jeki iliyokuja na gari ijaribiwe uwanjani, na usisubiri upate pancha. Mara nyingi haifiki. Bima na sheria za unapoishi, uliza kabla hujafungua bolti ya kwanza.

Siku ya kufunga na wiki zinazofuata

Simama karibu uangalie mambo mawili. Yu-bolti za springi za nyuma, zile bolti zenye umbo la U zinazobana springi na ekseli, ziwe mpya. Za zamani zimeshavutika. Na bolti zinazopita kwenye bushi (vipira vya viungo) za mikono na za springi zisikazwe gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Bushi inashika pale ilipokazwa. Ukiikaza ikiwa imening'inia, gari likishuka chini mpira unabaki umejinyonga muda wote, na utachanika mapema. Zinashikizwa tu kwa mkono, gari linashushwa likae kwenye matairi yake, linasukumwa mara kadhaa litulie, ndipo zinakazwa kwa kipimo.

Alainimenti ifanyike kabla hujaenda mbali, na uombe karatasi ya vipimo, si neno "iko sawa". Tembea kama kilomita 500 kisha rudi yu-bolti, nati za magurudumu na bolti za saspensheni zikazwe tena. Toa ile karatasi yako ya vipimo vya habu hadi fenda, upime upya pembe zote nne. Springi mpya hukaa kidogo, mm 5 mpaka 10 si ajabu. Upande mmoja ukiwa chini kuliko mwingine kwa zaidi ya hapo, hakikisha koili hazijafungwa kushoto kwa kulia: seti nyingine zina koili tofauti kwa kila upande, na alama yake ni kibandiko kidogo au doa la rangi ambalo fundi mwenye haraka hulipita. Springi zikishakaa, rudia alainimenti.